Walibora, mtoto wa Bungoma aliyeiingiza Kitale kitabuni

  Leo naomba uandamane nami hadi kwetu Kimilili, chini ya Mlima Elgon, na kutoka huko tupande matatu mpaka Kitale. Kuna mtu nataka tumkumbuke, na kuna swali la mtoto ambalo nimelibeba tangu likizo ya Agosti bila kulitua.

Nilikuwa nimekwenda kumjulia hali nyanya yangu, ambaye sisi Wabukusu humwita kukhu. Siku hiyo ilikuwa ya soko. Watu wazima karibu wote walikuwa wametoka, na mtoto wa kaka yangu, mvulana wa gredi ya sita, alikuwa ameachwa ayalinde mahindi yaliyoanikwa uani yasiliwe na kuku. Nilimkuta amekalia ndoo iliyopinduliwa, fimbo mkononi, kitabu cha hadithi mapajani. Kuku walikuwa wanakula. Yeye alikuwa anasoma.

Nikamwuliza hadithi inahusu nini. Akanijibu kwamba ni ya mtoto wa Mombasa aliyepotea sokoni. Halafu akanitazama kama anayetaka kunishtaki jambo.

"Anti, mbona hadithi zote za Kiswahili ni za Mombasa na Unguja? Kwani huku kwetu hakuna mtu anayejua Kiswahili?"

Sikumjibu kwa mdomo. Niliingia chumba cha ndani, nikaburura sanduku la bati ambalo dada yangu mkubwa alilitumia akiwa shule ya bweni, nikapekuapekua hadi nikakipata nilichokitaka: kitabu kisicho na jalada, pembe zake zimeliwa na mende, na kila ukurasa umepigiwa mistari kwa kalamu nyekundu. Nikampa. Nikamwambia, "Soma hiki. Ukikutana na jina la mji unaoujua, uje uniite."

Aliniita siku iliyofuata, jioni, wakati mimi na kukhu tunachambua mboga. Alikuja mbio, kidole kimebana ukurasa asije akaupoteza. "Anti! Ni Kitale hii yetu? Hii hii ya kupitia Kamukuywa na Kiminini?"

Ndiyo hiyo hiyo, nikamwambia. Kitabu hicho, msomaji wangu, ni Siku Njema, na aliyekiandika ni marehemu Ken Walibora.

Waliosoma shule za upili za Kenya tangu mwisho wa miaka ya 1990 hawahitaji kuelezwa Walibora ni nani. Lakini ninyi mlio madarasa ya chini, na wazazi mliosoma zamani kidogo, ruhusuni nianze mwanzo.

Jina lake la awali ni Kennedy Waliaula. Alizaliwa katikati ya miaka ya 1960 huko Baraki, Bungoma, akakulia upande wa Kitale, Trans Nzoia. Nasi wa maeneo hayo tunajua kwamba njia hiyo ya kutoka Bungoma kwenda Trans Nzoia ilipitwa na familia nyingi. Baada ya uhuru, mashamba makubwa ya walowezi wa Kizungu yalipoanza kugawanywa na kuuzwa, watu walihama na ng'ombe wao, sufuria zao na watoto wao, wakaenda kutafuta ekari chache kule. Hawakuwa Wabukusu peke yao. Walikuwako Wasabaoti, Wanandi, Waturkana, Wakisii, Wakikuyu na wengine. Jirani akitaka kuazima jembe kwa jirani, lugha waliyokutana nayo ni Kiswahili. Hakikuwa Kiswahili cha kutungia mashairi, la hasha. Kilikuwa cha kununulia chumvi na kuulizia ng'ombe aliyepotea. Lakini kilikuwa Kiswahili, na mtoto aliyekulia hapo alikisikia kabla hajaingia darasani.

Kuhusu hilo jina: fungua kamusi utafute neno "aula". Utakuta kwamba maana yake ni bora, au yenye kufaa zaidi. Basi Waliaula akawa Walibora. Mtu aliyeweza kulitazama jina la ukoo wake, akaliona limebeba neno la Kiswahili ndani yake, akalifasiri kwa Kiswahili kingine, huyo mchezo wake na maneno hakuuanzia ukubwani.

Kabla hajawa mtu wa vitabu na vyombo vya habari alikuwa afisa wa probesheni, yaani wale maofisa wanaowaangalia watu waliohukumiwa lakini wakaruhusiwa kutumikia adhabu zao nje ya jela. Nadhani kazi hiyo haikumtoka kamwe. Vitabu vyake vimejaa watoto waliofiwa, waliofukuzwa, waliotoroka na waliosingiziwa, na hata alipokuja kuandika tasnifu ya uzamifu, alichagua kuandika juu ya maisha ya wafungwa wa kisiasa.

KISWAHILI NI CHA NANI?

Nirudi kwa swali la mpwa wangu, kwa sababu halikuwa swali la kitoto. Ni swali ambalo watu wazima wa bara wameulizana kwa miaka mingi, aghalabu kwa aibu.

Ukweli ni kwamba Kiswahili si mgeni wa jana huku magharibi. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilikuwa ikifika Mumias, kwa Nabongo Mumia, na hapo si mbali na Bungoma. Waliacha dini, waliacha kanzu, waliacha lugha. Hata hivyo kuijua lugha ni jambo moja, na kuihesabu kuwa yako ni jambo jingine. Shuleni tulifundishwa kwamba Kiingereza ni cha kupandia cheo, lugha ya mama ni ya kupigiwa kiboko, na Kiswahili ni cha watu wa pwani. Zipo shule ambako mtoto aliyesikika akisema Kibukusu alivishwa kibao shingoni, naye akakaa siku nzima akimtafuta mwingine wa kumvisha.

Mwaka 1985 serikali ilipoanzisha mfumo wa 8-4-4, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa. Ghafla kila mtoto wa Kimilili, wa Kapenguria na wa Nyeri akawa anahitaji kukisoma kwa dhati, kwa kuwa alama zake zilitegemea hapo. Lakini hadithi zenyewe zilitoka wapi? Magwiji waliokuwa wakisomwa walikuwa Shaaban Robert wa Tanga, Muhammed Said Abdulla na Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar, na wenzao. Ni waandishi ninaowavulia kofia. Lakini mtoto wa bara aliyewasoma alikuwa mgeni nyumba nzima. Hajui ngalawa. Hajui mkungumanga. Hajawahi kuona bahari ila kwenye kalenda ya benki. Alikariri, akapasi mtihani, akaliacha somo pale lilipokuwa.

Ndipo mwaka 1996 Longhorn wakachapisha Siku Njema.

Nimekisoma kitabu hicho si chini ya mara nne, na kila mara nagundua jinsi mwandishi alivyokuwa mwerevu. Mhusika mkuu amempa jina la Kongowea Mswahili. Kongowea ni jina la kale la Mombasa, ambalo siku hizi limebaki kwenye mtaa na lile soko kubwa la matunda na mboga. Mamake Kongowea, Zainabu Makame, ni mwimbaji wa taarabu. Hadithi inaanzia Tanga, mji ule ule wa Shaaban Robert. Kwa maneno mengine, mwandishi kijana wa Bungoma amebisha hodi penye mlango wa wenyewe, akavua viatu, akaketi mkekani kwa adabu zote. Kisha mama anafariki, mtoto anabaki na mateso yake, na anapoinuka kwenda kumtafuta babake asiyemjua, safari hiyo haimpeleki Unguja wala Lamu. Inapita Mombasa, inapanda bara, inakwenda hadi Kitale.

Reli ilifika Kitale mwaka 1926, nayo ilikomea hapo, haikuendelea. Kwa mtu wa Nairobi, Kitale ni mahali ambapo njia inaishia. Walibora akaufanya mji huo kuwa ndio kitu kinachotafutwa. Mtoto mwenye jina la Mombasa anakwenda kumtafuta babake kwetu, penye mahindi na matope. Kama baba alipatikana ama hakupatikana, sitakwambia. Ukitaka, kitafute usome.

Kitabu kikateuliwa kutahiniwa katika shule za upili, na hapo maisha ya mwandishi yakabadilika. Kwa wasiofahamu, kuteuliwa huko ndiko kunakompa mwandishi wa Kiswahili nafasi ya kuonja matunda ya jasho lake hapa Kenya. Kitabu cha kawaida kinaweza kuchapwa nakala elfu chache na zikalala ghalani. Kitabu teule kinaingia kila mkoba wa kila kidato. Sentensi za Siku Njema zikaanza kuonekana katika insha za wanafunzi kote nchini. Ninajua mwanamume mmoja, leo ana kipara na watoto watatu, ambaye marafiki wa shule wangali wanamwita Kongowea.

Nisiwe mchoyo wa ukweli lakini. Kitabu kina kasoro zake. Kongowea ni kijana mwema kupita kiasi, na bahati humfuata mahali ambapo sisi wengine tungefuatwa na askari wa kanjo. Halafu kuna ule msamiati. Walimu wengi waliugeuza kuwa orodha ya kukaririwa, na mwanafunzi akaona kwamba Kiswahili kizuri ni kile kisichoeleweka. Dada yangu, kama nilivyosema, alipiga mistari mekundu kila ukurasa. Nilimwuliza juzi kwa simu kama anakumbuka maana ya maneno yale. Alicheka tu. Lakini alipoanza kunisimulia jinsi mama mtu alivyokufa, sauti yake ilibadilika. Hicho ndicho kilichobaki, zaidi ya miaka 20 baadaye.

VITABU VYA WADOGO

Watu wengi humkumbuka Walibora kwa vitabu vya watahiniwa wa kidato cha nne, wakasahau kwamba aliwaandikia pia wadogo. Mwaka 2001 alitoa Ndoto ya Amerika. Mwaka 2006 akafuatisha Ndoto ya Almasi. Kuna pia Kisasi Hapana. Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta aliitwaa zaidi ya mara moja.

Ndoto ya Amerika ilitolewa na Sasa Sema, na hapa nataka nisimame kidogo kwa sababu ya ninyi watoto mnaopenda kuchora. Sasa Sema lilikuwa shirika dogo la uchapishaji lililoanzishwa Nairobi mwaka 1996, mwaka ule ule wa Siku Njema, na mlango wake wa kuingilia ulikuwa vitabu vya katuni kwa Kiswahili. Miongoni mwa vitabu vyake vya kwanza ni Abunuwasi ya Gado, yule Mtanzania Godfrey Mwampembwa ambaye michoro yake ya wanasiasa imewanyima watu wakubwa usingizi. Fikiria jambo hilo: mchoraji mzaliwa wa Dar es Salaam anachora hadithi za ujanja zilizosimuliwa pwani kwa vizazi, Nairobi inachapa, na mtoto wa Bungoma anasoma. Baadaye Sasa Sema lilinunuliwa na Longhorn.

Kitabu cha mtoto kina mikono miwili, wa mwandishi na wa mchoraji, na mara nyingi wa mchoraji ndio unaotangulia kumshika mtoto. Walibora alifanya kazi yake kwa maneno. Lakini msome anapoeleza njia, nyumba au uso wa mtu mkali, utaona kwamba hakumwachia mchoraji kazi yote. Mpwa wangu alilalamika mwanzoni kwamba Siku Njema "haina picha." Baada ya siku mbili hakulalamika tena.

Sasa, hiyo Ndoto ya Amerika. Ni hadithi ya watoto wa kiume wanaoota kwenda Marekani. Hawana pasipoti, hawana pesa, wana ndoto tu. Kuna mtoto gani wa bara ambaye hajaiota? Nilipokuwa shule ya msingi Kimilili, tulikuwa na hakika kwamba ndege zinazopita juu ya Mlima Elgon zote zinakwenda Marekani. Walibora alikiandika kitabu hicho akiwa bado hapa hapa, wakati ambao Wakenya walimfahamu kwa sura na sauti kama msomaji wa habari za Kiswahili katika redio na runinga za shirika la Nation. Kisha, miaka michache baadaye, yeye mwenyewe akapanda ndege.

Alikwenda Chuo Kikuu cha Ohio State, akasoma hadi shahada ya uzamifu, halafu akafundisha lugha na fasihi za Afrika katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison. Mtoto wa Baraki aliwafundisha Wamarekani Kiswahili. Ndoto ilitimia, tungesema. Lakini mwaka 2007, katika Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine, mkusanyiko aliouhariri pamoja na Said Ahmed Mohamed, aliweka hadithi yake fupi iliyoupa mkusanyiko jina. Inamhusu mwanafunzi Mwafrika aliye Marekani anayekutana na ubaguzi wa rangi kila anapogeuka. Ziweke hizo mbili kando kwa kando, ya 2001 na ya 2007, kisha mpe kijana wako anayekusumbua kila siku kuhusu viza. Usimpe hotuba. Mpe vitabu.

Naye mwandishi akarudi nyumbani. Angeweza kukaa kule, wengi hukaa. Alirudi Nairobi, akafanya kazi tena na Nation, akawa na safu yake katika Taifa Leo iliyoitwa Kauli ya Walibora, na baadaye akafundisha katika Chuo Kikuu cha Riara. Katika safu ile aliwatoa jasho watangazaji na waandishi waliokuwa wakikiponda Kiswahili. Nami nakiri kwamba kuna asubuhi nyingi nilizoifungua nikiomba Mungu asiwe amelidaka kosa langu.

MSWADA ULIOIBWA

Mwaka 2012 ilitoka Kidagaa Kimemwozea, nayo ikawa kitabu teule kuanzia mwaka 2013. Wengi wenu vijana mnakifahamu kuliko mimi, mnaweza kumwigiza Mtemi Nasaba Bora hata usingizini. Lakini kuna jambo moja ndani yake ambalo wanafunzi hulijibu katika mtihani wakalisahau, na kwangu mimi ndilo lenye uchungu kuliko yote. Amani, kijana anayechunga ng'ombe wa mtu, ni mwandishi. Mswada wake ameibiwa na mwalimu Majisifu, mtu mwenye jina na heshima, ambaye amekitoa kitabu kama chake na kushangiliwa.

Walibora alijua alichokisema. Kuandika kitabu cha watoto huchukua miezi, pengine miaka. Mwandishi hupata sehemu ndogo tu ya bei, mara nyingi kama asilimia kumi. Halafu siku moja unapita barabarani Nairobi, unaona kitabu kile kile kimetandazwa juu ya gunia, karatasi nyembamba, wino umefifia, kurasa nyingine zimeruka, kinauzwa nusu ya bei. Hizo ni nakala za wizi. Mwandishi hapati hata senti. Na mzazi naye, je? Tangu mwaka 2013 vitabu hapa Kenya vilitiwa kodi ya VAT ya asilimia 16, na mzazi mwenye watoto watatu na mshahara mmoja hana muda wa kuchunguza wino. Sitamlaumu sana. Mimi mwenyewe niliwahi kununua nakala ya namna hiyo bila kujua, nikafika nyumbani nikakuta ukurasa wa 64 unafuatwa na wa 81. Hadithi ilikuwa imefika patamu.

Alipogeukia maisha yake mwenyewe, kitabu alichotoa alikiita Nasikia Sauti ya Mama. Hebu kirudie kichwa hicho polepole, kisha umkumbuke Zainabu Makame akiimba Tanga, na mwanawe anayebaki na sauti yake baada ya mwenyewe kuondoka. Kati ya kitabu cha kwanza na hicho, karibu miaka ishirini ilipita. Sauti ilikuwa ile ile.

Ijumaa ya tarehe 10 Aprili 2020 ilikuwa Ijumaa Kuu. Nairobi ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona, hakuna kuingia wala kutoka, na usiku kafyu. Siku hiyo Walibora aligongwa na gari katika barabara ya Landhies, karibu na Muthurwa. Jamaa na marafiki walimtafuta kwa siku kadhaa bila kujua yuko wapi, hata ikabainika kwamba maiti yake ilikuwa katika chumba cha kuhifadhia maiti cha Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Maswali mengi yaliulizwa kuhusu siku ile ya mwisho na yangali yanaulizwa.

Mtu aliyesomwa na mamilioni alizikwa kwao Trans Nzoia mbele ya watu wachache, kwa kuwa sheria za korona zilikuwa haziruhusu mikusanyiko. Katika mila zetu mazishi ya mtu wa hadhi yake yangejaza uwanja. Wazee wangesimama kunena, ng'ombe wangechinjwa, shule zingekuja na sare zao. Nakumbuka usiku ule wanafunzi wake wa zamani, wengine hawakumwona hata mara moja kwa macho, walikuwa wakiandikiana kwenye simu vipande vya Siku Njema walivyovikariri wakiwa na miaka kumi na sita. Hayo ndiyo yaliyokuwa matanga yake.

Mpwa wangu hayajui hayo. Alizaliwa yeye, na alipokuwa bado mdogo mwandishi alikwisha kuondoka. Usiku mmoja kabla sijarudi Nairobi aliniuliza huyo Walibora anakaa wapi, ili akienda Kitale na babake wapitie kumwamkia. Nikamweleza. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama mtu akifa vitabu vyake vinaendelea kuuzwa. Nikamwambia vinaendelea. Akasema, "Basi ni sawa," akarudi kusoma kwa mwanga wa taa ya sola.

Juzi kaka yangu alinipigia simu akicheka. Kijana amemaliza kitabu. Tena amepewa adhabu na kukhu, kwa sababu kurasa nne za mwisho za daftari lake la Hisabati amezijaza michoro: mwanamke anaimba na mkono mmoja ameuweka kifuani, mvulana mwenye mfuko mgongoni, matatu iliyoinama upande mmoja kwa mizigo, na ramani. Ramani yenyewe inaanza na Tanga, inapita Mombasa, inapanda hadi Kitale. Baada ya Kitale njia haikukoma. Ameichora ikapita Kiminini, ikapita Kamukuywa, ikaingia Kimilili, na pale mwisho ameweka nyumba yenye mahindi uani na kuku watatu.

Nimeomba daftari hilo lisitupwe.